ASIYEKUWAPO NA LAKE LIPO: Jinsi ya Kuitegea Redio ya Mtandaoni

Nakuandikia kutoka hapa Werugha, ambako ukungu hutuamsha asubuhi na ndio hutufungia mlango jioni. Mwaka huu sikutaka kukuandikia hadithi ya sungura na fisi wala insha ya madhara ya dawa za kulevya. Nataka kukueleza jambo moja la manufaa ambalo nimejifunza kwa mikono yangu, na kwa makosa yangu pia. Jambo lenyewe ni namna ya kuitega tarakilishi irekodi kipindi cha redio yenyewe, wakati wewe uko darasani, shambani au njiani.

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii nimeitumia katika insha tangu shule ya msingi ili nipate alama, bila kujua uzito wake. Uzito wenyewe niliujua mwaka jana nikiwa kidato cha pili.

Kakaye nyanya, ambaye sisi sote nyumbani tulimwita babu, alialikwa na kituo kimoja cha redio cha huku kwetu kaunti ya Taita Taveta. Alitakiwa azungumze Kidawida kuhusu fighi, yaani ile misitu mitakatifu iliyokuwa ikilinda kila kijiji, na kuhusu mifereji ya zamani iliyoleta maji mashambani. Kipindi kilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi saa nne niko darasani nikipambana na hesabu. Mama alikuwa sokoni Wundanyi. Nyanya peke yake ndiye aliyebaki nyumbani na redio yake ndogo, akaisikiliza huku ikikwaruza kwa sababu nyumba yetu iko bondeni.

Jioni nilifika nikihema. Hata sikuweka mkoba chini.

"Nyanya, babu alisema nini?"

"Alisema mengi. Aliitaja mifereji mmoja mmoja, na majina ya waliouchimba kila mmoja."

"Majina gani?"

Nyanya alinitazama, akacheka kidogo. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwa nasikiliza, sikuwa naandika. Na redio hairudii."

Basi nikajiambia, hakuna neno, nitamwendea babu mwenyewe likizoni aniambie. Lakini wapi! Miezi mitatu baadaye tulimzika. Baba alipouliza kituoni kama wana nakala, alijibiwa kwa upole kwamba kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja na hakikuhifadhiwa. Sisemi haya ili niwalaumu. Nasema tu kwamba ile saa moja ya babu ilipita juu ya milima hii kama upepo, na leo hakuna mtu awezaye kunitajia majina yale.

Ikumbukwe kwamba si sisi tu tuliopatwa na haya. Tarehe 7 Februari 2025 nchi yetu ilimpoteza mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilichoanza mwaka 1966. Siku zile tulimsikia tena redioni na kwenye runinga kwa sababu kuna watu waliokuwa wameihifadhi sauti yake. Mwezi uliofuata, Machi 2025, matangazo ya Sauti ya Amerika yalikatizwa ghafla huko Washington, na waliozoea kufungua idhaa yake ya Kiswahili wakakuta kimya. Redio ikinyamaza, kinachobaki ni kile tu ambacho mtu alikiweka.

REDIO YA MTANDAONI NI NINI?

Wazazi wetu walirekodi kwa kanda. Mama anasema walikuwa wakikaa kando ya redio-kaseti, wakibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mtoto akikohoa chumbani wanamfukuza nje. Ilibidi mtu awepo. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Redio ya kawaida ya FM husafiri hewani kwa mawimbi yanayokwenda karibu sawasawa kama mwangaza wa tochi. Ndiyo maana milingoti imesimamishwa juu ya Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, chenye mita 2,208. Mwenye nyumba kwenye mgongo wa mlima hupata sauti safi. Sisi wa bondeni mlima unatukingia, tunabaki na mkwaruzo.

Redio ya mtandaoni haijali bonde wala mlima. Kituo hutuma sauti yake ileile kwa njia ya intaneti, ikiwa imekatwakatwa katika vipande vidogo vidogo vinavyofuatana kama siafu. Tarakilishi yako huvipokea na kuviunganisha, nawe unasikia mtu anaongea. Kila kituo cha namna hii kina anwani yake ya mkondo, maneno marefu yanayoanza kwa http. Vituo vingi vya Kenya vinayo, na idhaa za Kiswahili za ng'ambo pia, kama BBC iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963.

Sasa fikiri. Ikiwa vipande vile vinaingia ndani ya tarakilishi ili tuvisikie, ni kitu gani kinachozuia tarakilishi kuviandika kwenye diski badala ya kuvitupa? Hakuna! Kurekodi redio ya mtandaoni ni kuiambia mashine, "Usitupe." Na kuitega ni kuiambia, "Anza saa fulani, acha saa fulani, mimi sitakuwapo."

VIFAA

Nilipomweleza mwalimu wetu wa kompyuta kisa cha babu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha tarakilishi moja kuukuu iliyokuwa imefunikwa gunia pembeni mwa maabara. "Hii ni ya chama chenu," akasema. "Mkiiharibu, tayari ilikuwa imeharibika."

Hiyo ndiyo tuliyoitumia. Huhitaji mashine mpya, kwa kuwa kuandika sauti kwenye diski ni kazi nyepesi sana. Unahitaji mambo manne tu: tarakilishi inayoweza kukaa imewashwa, mtandao, nafasi kwenye diski, na programu huria.

Neno hili "huria" nalipenda. Kiswahili chetu kina maneno mawili, huru na bure, wala hatuyachanganyi. Programu huria kwa kawaida hupatikana bure, lakini la maana zaidi ni kwamba iko huru: unaruhusiwa kuitazama ndani, kuinakili, kumpa mwenzako na hata kuibadilisha. Sisi tulitia Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 21 huko Helsinki. Ya pili ni VLC, ya kusikilizia, ambayo mizizi yake ni mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996. Ya tatu ni ffmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na hiyo ndiyo itakayorekodi. Ya nne inaitwa cron, nayo huja pamoja na Linux au huongezwa kwa urahisi. Kazi ya cron ni moja tu, kutazama saa kila dakika na kuuliza, "Je, kuna kazi niliyoagizwa dakika hii?" Ni kama yule kiranja wa kengele ambaye hajawahi kusinzia.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, tafuta anwani ya mkondo. Ingia kwenye tovuti ya kituo, au utafute jina lake katika orodha ya hiari iitwayo Radio Browser. Mara nyingine utapewa faili ndogo yenye jina linaloishia kwa m3u au pls. Usishtuke. Ifungue kwa programu ya kuandikia, ndani utaikuta anwani yenyewe imekaa kimya. Iweke katika VLC kwenye sehemu ya kufungua mkondo wa mtandao, usikilize. Ikilia, umeipata. Usiruke hatua hii, kwa maana ukitega anwani mbovu utavuna faili tupu.

Pili, andika agizo la kurekodi. Sisi tuliliandika katika faili tuliyoiita rekodi.sh, nalo ni mstari mmoja:

ffmpeg -i ANWANI -t 3900 -c copy /home/chama/redio/$(date +%F-%H%M).mp3

Mahali pa neno ANWANI weka anwani ya kituo chako. Hesabu 3900 ni sekunde, yaani dakika 65. Maneno "-c copy" yanaiambia mashine iandike sauti kama ilivyokuja bila kuipika upya, ndiyo maana hata tarakilishi kuukuu haichoki. Ile sehemu ya mwisho yenye neno date huipa kila faili jina la tarehe na saa yake. Mwanzoni tuliita kila faili "kipindi", na wiki ya pili mashine ikakataa kurekodi kwa sababu tayari palikuwa na "kipindi" kingine. Ng'ombe wawili ukiwaita jina moja, zizini utapata taabu.

Tatu, ijaribu amri hiyo kwa dakika moja ukiwa umeketi hapo hapo. Weka 60 mahali pa 3900, iendeshe, kisha usikilize ulichopata.

Nne, mwagize cron. Katika dirisha la amri andika crontab -e, kisha uongeze mstari kama huu:

58 9 * * 2 sh /home/chama/rekodi.sh

Zile nafasi tano za mwanzo zina maana hii kwa mfuatano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya juma. Nyota ni "yoyote". Basi mstari huo unasema: dakika ya 58, saa 9, tarehe yoyote, mwezi wowote, siku ya 2 ya juma. Hifadhi, funga, nenda zako darasani.

Utauliza, mbona dakika ya 58? Kwa sababu watangazaji nao ni binadamu. Wengine huanza mapema, wengine huchelewa wakisalimiana. Tunatangulia dakika 2, tunachelewa dakika 3 baada ya saa kwisha. Afadhali kukata tangazo la sabuni baadaye kuliko kukosa jina la mgeni.

MTEGO WA SAA NNE

Hapa ndipo nilipoanguka, mpenzi msomaji, nami nakuomba usome pole pole.

Mara ya kwanza nilipotega, sikuandika mstari ule uliouona hapo juu. Kipindi ni Jumanne saa nne. Mimi Mswahili, au niseme Mdawida aliyelelewa kwa Kiswahili, nikaandika bila kufikiri: 0 4 * * 4. Saa nne, nikaweka 4. Jumanne, si ni nne? Nikaweka 4. Nikamwomba mwalimu tarakilishi isizimwe wiki nzima, nikaenda nyumbani kifua mbele.

Jumanne wakati wa chakula cha mchana nilikimbia maabara. Hakuna kitu. Jumatano, hakuna kitu. Alhamisi asubuhi nikakuta faili! Nikavaa visikilizi, moyo ukidunda. Sikusikia mzee wala mifereji. Nilisikia mhubiri akikemea dhambi za alfajiri, kisha nyimbo.

Nilikosa mara mbili katika mstari mmoja. Tarakilishi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa nne yetu ya asubuhi ni saa 10 kwa tarakilishi, na saa 4 ya tarakilishi kwetu ni saa kumi alfajiri. Tena sisi huhesabu siku kuanzia Jumamosi: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne. Cron huanza na Jumapili akiiita 0, Jumatatu 1, Jumanne 2, na 4 yake ni Alhamisi. Kwa hiyo mashine haikukosea hata kidogo. Ilitii nilichoandika: Alhamisi, saa kumi alfajiri.

Nilipomwonyesha mwalimu, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia nitengeneze kanuni na kuibandika ukutani. Hii hapa, inakili:

1. Saa za mchana, tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni: ongeza 6. Saa nne asubuhi ni 10. Saa tisa alasiri ni 15.

2. Saa za usiku, tangu saa moja mpaka saa tano: ongeza 18. Saa mbili usiku ni 20.

3. Tangu saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri: toa 6. Saa sita usiku ni 0. Saa kumi na moja alfajiri ni 5.

4. Siku: Jumapili 0, Jumatatu 1, Jumanne 2, Jumatano 3, Alhamisi 4, Ijumaa 5, Jumamosi 6.

5. Ratiba za idhaa za ng'ambo mara nyingi huandikwa kwa saa za Greenwich. Ongeza 3 upate saa za Afrika Mashariki. Ikiandikwa 15:00, kwetu ni 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni.

Na kumbuka kwamba tarakilishi hubadilisha tarehe usiku wa manane. Kipindi cha saa saba usiku wa kuamkia Jumatano kwake tayari ni Jumatano.

GHARAMA

Wengi huniuliza, "Je, haitamaliza bando?" Tupige hesabu pamoja, maana hesabu haina hasira. Mkondo wa redio ya mazungumzo unaweza kuwa wa kilobiti 64 kwa sekunde. Biti 8 hufanya baiti 1, kwa hiyo ni kilobaiti 8 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha: kilobaiti 28,800, yaani kama megabaiti 28.8 kwa saa. Mkondo wa kilobiti 128 huchukua mara mbili yake, megabaiti 57.6. Flashi ya gigabaiti 8 inaweza kubeba zaidi ya saa 250 za mkondo ule wa kwanza. Hiyo ni hazina ya kijiji kizima ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba.

MASAIBU

Stima ikipotea, na huku wakati wa mvua yaweza kupotea bila kuaga, mambo mawili hutokea. La kwanza, kurekodi hukatika. Habari njema ni kwamba faili ya mp3 haiharibiki yote. Kila kipande chake hujitegemea, kwa hiyo utasikia mpaka pale ilipokatikia. La pili, tarakilishi ya mezani hubaki imezima hata stima ikirudi. Dawa yake iko ndani ya mipangilio ya mashine inayoonekana kabla mfumo haujawaka. Tafuta mahali pa kuiamuru ijiwashe umeme unaporudi.

Tatizo la tatu lilitusumbua majuma mawili. Kila stima ilipopotea, tarakilishi yetu iliamka ikiamini kwamba ni mwezi wa Januari wa miaka mingi iliyopita. Kumbe ndani ya mashine kuna betri bapa mfano wa sarafu, kazi yake kuishikilia saa wakati umeme haupo, na ya kwetu ilikuwa imekufa. Mwalimu alileta nyingine kutoka Voi. Aidha, iruhusu tarakilishi isawazishe saa yake kwa mtandao. Mtego wenye saa mbovu ni kama jogoo anayewika adhuhuri.

Tena, vituo hubadilisha anwani za mikondo bila kumwambia mtu. Kila Jumatatu mmoja wetu hufungua VLC na kuzionja zote. Kazi ya dakika tano.

Mwisho, kuna mikondo ambayo si mp3 bali aina nyingine iitwayo aac. Hiyo irekodi kwa jina linaloishia kwa aac, kisha uigeuze kwa ffmpeg iwe mp3. Nasema hivi kwa sababu redio ndogo nyingi za madukani zenye tundu la flashi huelewa mp3 peke yake.

ADABU

Kurekodi kusitufanye wezi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda matangazo ya redio kama inavyolinda vitabu na muziki. Sisi tunarekodi ili tusikilize na tujifunze. Hatuuzi, hatusambazi mitandaoni, wala hatukati maneno ya mtu tukayaunga yawe mengine. Na mzee akizungumza redioni kuhusu mambo ya ukoo wake, hiyo ni amana. Je, huo si ndio ungwana?

NYANYA ANASIKILIZA

Jumanne iliyofuata baada ya kusahihisha ule mstari, nilikuta faili yenye jina la tarehe ya siku hiyo na mwisho wake 0958. Nikaisikiliza nusu dakika tu. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja mzee akisalimu kwa Kidawida. Nikainakili kwenye flashi, nikaitia mfukoni, nikashikilia mfuko ule njia nzima mpaka nyumbani.

Baada ya chakula niliichomeka flashi katika redio ya nyanya. Yule bibi alikuwa akieleza jinsi watu walivyoingia katika fighi, nani aliruhusiwa na nani hakuruhusiwa, na kwa nini hata kuni hazikuokotwa humo. Nyanya alisikiliza kichwa kimeinama. Ghafla akainua mkono.

"Hapo! Mwambie arudie hapo."

Nikabonyeza kurudisha nyuma. Yule bibi akarudia, neno kwa neno. Nyanya akanitazama kana kwamba nimefanya mazingaombwe.

"Amekosea," akasema. "Kwetu haikuwa hivyo. Kaka yangu angemsahihisha."

Kisha akaanza kunieleza yeye ilivyokuwa. Nilitoa daftari langu la Kiswahili, nikageuza ukurasa wa mwisho, nikaandika mpaka taa ilipoanza kufifia. Mfereji mmoja alikumbuka jina la aliyeuchimba. Mmoja tu. Mingine alisema labda itamjia.

Kwa hiyo wenzangu, na walimu wetu wapendwa, ombi langu ni dogo. Kwenye ubao wa matangazo nje ya maabara kuna karatasi ya Chama cha Kiswahili. Ukijua kwamba mzee wa kwenu atazungumza redioni, au kuna mjadala wa fasihi unaotangazwa wakati wa masomo, andika hapo jina la kituo, siku na saa. Andika saa kama tunavyosema nyumbani, kuigeuza ni kazi yangu. Lete flashi yako Ijumaa. Na yule ambaye mzee wake hajaitwa na redio yoyote, asingoje aitwe. Simu ya mama ina kinasa sauti.

Natia nanga hapa. Mfereji wa pili nyanya aliukumbuka juzi akichambua maharagwe. Sikuwapo, lakini safari hii alimwambia mdogo wangu aandike.